Mwaridi wa Mpangaji

Tafakari ya juma: Yeremia 29:1–14

Ukipita kwenye ploti za kupanga hapa Iftin, mjini Garissa, utaitambua nyumba ya mtu wa kutoka bara kwa kuangalia alichopanda. Kuna sukuma wiki kwenye magunia, kwa sababu majani yake huanza kuchumwa kabla mwezi wa pili haujaisha. Kuna dania, kuna mchicha. Mwenye moyo mkubwa atapanda mpapai, na hata huyo amekwisha kupiga hesabu kwamba mpapai hauchelewi kuzaa. Baada ya hapo basi. Mwarobaini unaotupa kivuli ulipandwa na mwenye ploti, au na mpangaji fulani ambaye hakuna tena anayemkumbuka. Sisi tunaishi kwa kalenda ya uhamisho. Mwalimu anahesabu muhula, muuguzi anahesabu mkataba, askari hahesabu chochote kwa kuwa barua yake yaweza kufika kesho. Tunapokea marupurupu ya mazingira magumu, na kuna nyakati naona kama tumekubali kulipwa ili tusipazoee.

Kwa hiyo juma hili nataka tuzungumze juu ya mti usio na haraka: mwaridi wa kale, ule unaopandwa uani kwa kitawi, ukachukua kama miaka mitatu kabla ya kuonyesha ulivyo.

Barua ya Yeremia mnaijua. Watu wa Yuda wamepelekwa mateka Babeli, naye amebaki Yerusalemu na anawaandikia. Wanachotaka kusikia ni tarehe ya kurudi. Sura moja tu kabla ya barua hiyo, nabii Hanania amesimama hekaluni mbele ya makuhani na umati, akaahidi kwamba haitapita miaka miwili kabla mateka hawajarejea pamoja na vyombo vya nyumba ya Bwana. Miaka miwili! Ndio urefu wa mikataba mingi ya mashirika ninayoijua. Yeremia anawavunja moyo, anawaambia ni sabini. Na kabla ya kuitaja hesabu hiyo anawapa kazi: wajenge na wakae, wapande bustani na wale mazao yake, waoe na waozeshe, na wauombee mji walimopelekwa, kwa kuwa heri yao imefungwa ndani ya heri ya mji huo.

Nisieleweke vibaya. Sisi si mateka. Tulikuja na barua za ajira mkononi, na wengine wetu tuliomba wenyewe. Wala Garissa si Babeli. Ni nyumbani kwa watu waliozaliwa hapa, wakazika wazazi wao hapa, na wanaotuuzia maziwa asubuhi. Ninachokichukua kwenye barua ile ni kitu kimoja: anayengoja kuondoka naye ameamriwa kupanda.

Msomaji makini atanikumbusha kwamba Yeremia alitaja mazao ya kuliwa, hakutaja maua. Ni kweli. Lakini kitu cha kuliwa mtu aweza kukipanda kwa ajili ya tumbo lake na kisha akaondoka ameshiba, hana deni na mahali. Ua halimlipi chochote. Mtu anayechimba shimo la futi moja na nusu kila upande, akalijaza samadi, akaweka ndani yake kijiti chenye majani mawili, amekwisha kukata shauri moyoni hata kama mdomo bado unasema anaondoka Desemba.

Halafu waridi si kitu kigeni kwa jirani zetu. Wanalijua kuliko sisi. Mawardi, yale maji ya waridi, yamo katika nyumba za Waislamu kuanzia hapa hadi Lamu na Mombasa. Pwani, kwenye harusi na maulidi, mrashi hupitishwa na kila mgeni akanyunyiziwa mkononi. Kule Makka, Kaaba inapooshwa, maji ya Zamzam huchanganywa na maji ya waridi. Mwanamke wa Kisomali anayefukiza uunsi nyumbani kwake jioni hahitaji kuelezwa na padri wala mchungaji kwamba harufu nzuri ni sehemu ya heshima ya nyumba. Ukimwambia mama jirani kwamba unataka kupanda mwaridi, hatakuuliza wa nini. Atakuuliza utautilia maji gani.

Waridi tunalolijua wengi wetu ni lile la Februari. Linatoka Naivasha kwenye nyumba za plastiki, bua refu na nyoofu, tumba limesimama wima, na limezalishwa ili livumilie chumba cha baridi, ndege, na siku kadhaa ndani ya chombo huko Uholanzi au Uingereza. Harufu ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuachwa njiani. Sililaumu, linalisha familia nyingi za nchi hii. Lakini wapenzi wa maua haya huweka mpaka kwenye mwaka 1867, pale Guillot, mkuzaji wa Lyon huko Ufaransa, alipotoa waridi aliloliita ‘La France’, ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza la ukoo huu wa kisasa. Koo zilizokuwapo kabla ya hapo ndizo zinazoitwa za kale. Ni vichaka zaidi kuliko mabua. Maua yake hulala upande, petali zimejaa au zimelegea, na hakuna mwenye duka la maua anayeweza kuyauza, kwa sababu yakikatwa asubuhi, jioni yamepukutika. Ni ya kukaa nayo tu.

Niwaondolee tamaa mapema wale watakaotaka kuanza na waridi la mawardi lenyewe, lile la Damasko. Ndugu zetu walio Oman wanalijua kutoka Jebel Akhdar, ambako vijiji vimeshikilia ukingo wa mlima kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko huchumwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, alfajiri kabla jua halijakausha mafuta, kisha huchemshwa hadi mvuke wake ugeuke maji ya harufu. Linachanua msimu mmoja kwa mwaka, na ili lichanue vizuri linataka baridi ya miezi kadhaa kabla yake. Garissa tuko karibu mita 150 tu juu ya bahari, na usiku wa Machi hapa mnaujua, hata shuka ni mzigo. Ukilipanda Iftin utapata majani na miiba, na mwaka baada ya mwaka utaambiwa subiri. Kuna watu wa namna hiyo pia, wenye karama za kweli, ambao tumewaweka pasipo majira yao kisha tukasema ni wavivu. Lakini hilo tuliache kwa juma jingine.

Unaofaa hapa ni ule uliotoka China. Wachina waliulima bustanini kwa karne nyingi kabla haujafika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, na uliposhuka kutoka kwenye meli uliwashangaza Wazungu kwa jambo moja: haukuwa na msimu. Mawaridi yao mengi yalichanua mara moja wakati wa kiangazi kisha yakanyamaza. Huu ulichanua, ukapumzika wiki chache, ukachanua tena. Aina moja inayoitwa ‘Old Blush’, yenye ua la rangi ya waridi iliyopauka na petali zilizolegea, ilikuwa imekwisha kuchanua Uingereza kufikia 1793, na mawaridi mengi ya leo yanayochanua mwaka mzima, hata yale ya Naivasha, yanadaiwa na ukoo wake. Mti wenyewe hauna majivuno. Haudai baridi, unastahimili joto, na hauhitaji kukatwakatwa. Ukiupogoa kwa nguvu unauchelewesha. Ondoa vijiti vilivyokufa, basi.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo swali la mama jirani lilipo. Maji yanayoletwa kwa punda yana bei, na maji ya kwanza ni ya watu. Sitaki kusikia kwamba kuna mwaridi wa mwanaparokia ulinyweshwa wakati mtoto wa nyumba ya pili alikuwa akitafuta mtungi. Lakini kila nyumba ina maji ambayo tayari yamefanya kazi moja na yanaweza kufanya ya pili: ya kuoshea mchele, ya kusuuzia mboga, ya kuoga yasiyo na sabuni nyingi. Na jirani zetu wana chemchemi ambayo sisi hatuna. Mara tano kwa siku watu wa nyumba wanatawadha, na maji yale, yaliyopita tu juu ya mikono, uso na miguu, yanatiririka chini. Penye mahali pa udhu pana mti uliostawi. Ikiwa unaishi ploti moja na Waislamu, ongea nao. Mwaridi wako unaweza kuishi kwa maji ya sala zao, na sidhani kama Mungu ataona ni jambo la ajabu.

Maji ya visima vya mashine katika maeneo mengi huku yana chumvi. Utaiona kwenye kingo za majani, zinaungua na kuwa kahawia kana kwamba moto umepita. Mvua ya deyr, inayoanza Oktoba, ndiyo husukuma chumvi ile chini ya mizizi. Udongo nao mara nyingi una chokaa, na jani linageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, ishara kwamba madini ya chuma yamo lakini mti hauwezi kuyachukua. Dawa yake ni kitu ambacho Garissa haitakosa kamwe, samadi ya mbuzi. Tuna mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki na bado kuna watu wananunua mbolea ya gunia! Ioze kwanza, miezi mitatu au minne, kisha uichanganye na udongo na ufunike juu kwa majani makavu.

Jua la asubuhi liupate, la saa nane lisiupate. Kivuli cha mwarobaini kinafaa, ila mwarobaini ni mnywaji. Panda hatua kadhaa mbali na shina lake, upande wa mashariki. Chungu kisichopakwa rangi kikizikwa hadi shingoni kando ya mti na kujazwa maji huyatoa polepole kupitia kuta zake, nayo ni njia ya zamani sana ya watu wa nchi kavu. Upepo wa hagaa, kuanzia Julai hadi Septemba, hukausha majani na kuwaleta utitiri, wadudu wadogo wasioonekana vizuri kwa macho. Nyunyizia maji matupu chini ya majani alfajiri na watapungua. Na uinue tuta. Baada ya ile misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana, kuanzia mwishoni mwa 2020, tulidhani adui ni ukame peke yake. Kisha ikaja El Niño ya 2023, na Aprili 2024 Tana ikafurika hadi barabara ya Madogo ikakatika. Mizizi ya mwaridi ikikaa ndani ya maji hukosa hewa na kuoza.

Lakini usijisumbue na haya yote kama hujashughulikia mbuzi. Mbuzi wa mjini huku wanatembea kama madiwani, hawabishi hodi, na mwiba wa mwaridi kwao ni kiungo tu. Zungushia matawi ya mathenge. Na hapo nasimama kidogo, maana mathenge nao ulipandwa na watu wenye nia njema. Uliletwa katika nchi kavu za Kenya, hasa miaka ya 1970 na 1980, ili kuzuia mmomonyoko na kutoa kuni, na leo umefunga malisho na njia za maji. Kule Baringo wakazi waliishtaki serikali, na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake akapelekwa mahakamani kama ushahidi. Nia njema ya mgeni haitoshi. Aliyepanda alipaswa kuwauliza wenye mifugo.

Hili linanipeleka kwenye Isaya 35, ile sura ya jangwa linalochanua. Nimeisikia ikihubiriwa hapa mara nyingi kuliko sura nyingine yoyote ya nabii huyo, na karibu kila mara kwa namna ileile: jangwa ni Kaskazini Mashariki, na maji ni sisi. Siyapendi mahubiri hayo. Yanamfanya mtu aje hapa na ndoo mkononi, tayari kuikomboa nchi ambayo hajaitazama.

Itazameni. Wakati wa jilaal, kati ya Januari na Machi, kila kitu kikiwa na rangi ya mfupa, tokeni nje ya mji muangalie kwenye miamba na vichaka. Kuna mti mfupi, shina limevimba chini kama mtungi, hauna hata jani moja, na juu yake maua ya rangi ya waridi iliyokolea yenye koo jeupe. Ndio ule watu wa bustani huuita waridi la jangwani. Hauna udugu wowote na mwaridi. Ndugu yake ni mrolanda, ule uitwao oleanda, na utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji wa Afrika wamekuwa wakipaka kwenye mishale. Mbuzi anajua, hausogelei. Mti huo maji yake umeyaweka wenyewe ndani ya shina, kwa hiyo hauhitaji punda wala chungu wala tuta wala mimi. Ulikuwa ukichanua hapa kabla ya barabara ya Thika, kabla ya parokia, kabla ya mtu yeyote kuitwa wa bara au wa kaskazini.

Kwa hiyo nchi hii inachanua tayari. Mwaridi tunaoupanda uani ni mgeni, na usipotunzwa na wenyeji hautafika mbali. Upandwe kwa moyo huo. Isaya alikuwa akisema juu ya kazi ya Mungu, na Mungu hakufika Garissa kwa basi letu.

Turudi kwenye mti wenyewe, kwa sababu kuna jambo la mizizi ambalo wahubiri hulipenda, nami nalipenda pia, ingawa nina shaka nalo. Mawaridi mengi ya kununuliwa yamepandikizwa: jicho la aina moja limeunganishwa kwenye shina la aina nyingine lenye mizizi imara. Yakivamiwa na mbuzi au kiangazi hadi sehemu ya juu ikafa, kitakachochipuka chini si waridi ulilolinunua. Ni lile la shina, na ua lake ni jingine kabisa. Mwaridi wa kitawi haufanyi hivyo. Umesimama juu ya mizizi yake wenyewe, na hata ukatwe usawa wa ardhi utarudi vilevile ulivyokuwa.

Katika mji wa Hildesheim, Ujerumani, kuna mwaridi mwitu unaoparamia ukuta wa kanisa kuu, wa kale kiasi kwamba wenyeji wanauita wa miaka elfu. Tarehe 22 Machi 1945 ndege za Washirika ziliupiga mji ule kwa mabomu. Kanisa likabomoka, na kila kitu cha mwaridi kilichokuwa juu ya ardhi kikateketea. Mizizi ikabaki chini ya kifusi. Mwaka uleule ikatoa machipukizi, na mti uko ukutani hadi leo.

Ni rahisi sana kuhubiri hapo: kuwa na mizizi yako mwenyewe, usiishi kwa imani ya kuazima. Na kwa kijana anayekuja kanisani kwa sababu ya mama yake tu, naam, hilo ni neno lake. Ila Paulo hataki niishie hapo. Katika Warumi 11 anatuambia sisi tusio Wayahudi kwamba tu tawi la mzeituni mwitu, tumepandikizwa juu ya shina lisilo letu, na anatukanya tusijigambe juu ya matawi mengine, kwa kuwa mzigo tunaodhani tunaubeba ndio unaotubeba sisi. Mtume mzima anatuita waliopandikizwa! Basi siwezi kulidharau waridi la kuunganishwa.

Nadhani yote mawili yanatuhusu, kwa zamu. Mbele za Mungu kila mtu na mizizi yake. Lakini hapa Iftin, kama jumuiya, sisi ni tawi. Shina linalotubeba ni wenyeji. Ni mwenye ploti aliyevumilia kodi iliyochelewa wakati mishahara ilikwama. Ni mwenye duka anayeandika deni kwenye daftari bila kuuliza dini. Na kuna mambo makubwa kuliko hayo. Tarehe 1 Julai 2012, Jumapili, makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa kwa gruneti na risasi, kanisa letu kuu na la African Inland, na zaidi ya watu 10 wakafa. Baada yake viongozi wa Kiislamu walijitolea kuweka vijana wao walinde makanisa. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu, waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Desemba ya mwaka huohuo, basi lilivamiwa kule kaunti ya Mandera na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akiwakinga na akafa mwezi uliofuata. Alikuwa naibu mwalimu mkuu. Alikuwa na watoto.

Tusisahau pia kwamba wenyeji wana makovu ambayo hatukuyasababisha sisi binafsi lakini tunayarithi kwa kuwa tuliletwa na serikali ileile. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi hapa Garissa ulichomwa na vikosi vya usalama, na watu wakakusanywa na kushikiliwa bila maji wala chakula. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imeyaandika. Mzee unayemsalimia njiani kwenda ibadani huenda alikuwa kijana siku ile. Na bado anakuitikia.

Ninajua kwa nini wengi wanahesabu siku. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka kaunti hii, Wajir na Mandera. Sitamhukumu aliyeondoka. Mwenye watoto wadogo ana haki ya kuogopa, na woga si dhambi. Nawasemea wanafunzi tu, walioingia darasani muhula ule wakakuta ubao na hakuna mtu. Kwao suala halikuwa siasa wala usalama. Lilikuwa hisabati.

Swali linalobaki ni la mpangaji: nikiupanda, kisha nikahamishwa, je? Mwaridi mkubwa haupendi kung'olewa, na mwenye ploti hatafurahi kuona shimo. Utaubakiza. Mtu mwingine atachuma. Huenda asijue ulipandwa na nani, na huenda akaufyeka ajenge choo.

Huko Texas, Marekani, tangu miaka ya 1980 kumekuwa na watu wanaozunguka kwenye maboma yaliyohamwa na makaburi ya zamani wakitafuta mawaridi ya aina hii. Waliyakuta yamesimama kwenye joto kali, bila mtu wa kuyanywesha kwa miongo, nyumba imekwisha kuanguka na mti bado unachanua kando ya ngazi zisizopanda popote. Mengi yao yalikuwa ya ukoo huu wa China na jamaa zake. Majina yao ya asili yalikuwa yamepotea, kwa hiyo waliyapa ya mahali yalipopatikana: la barabara fulani, la kaburi fulani. Mama aliyelipanda, aliyebeba kitawi kile labda kutoka kwa shangazi yake, hayumo kwenye jina. Kisha wakakata vitawi, wakavipanda, wakagawa.

Mwaridi wa kale huenea kwa namna hiyo, kutoka mkono hadi mkono. Yale mapya yana hakimiliki, mkulima hulipa kwa kila mche. Haya hayana mwenyewe. Unakata kitawi cha unene wa penseli na urefu wa shibiri moja kutoka kwenye tawi lililomaliza kuchanua sasa hivi, unaacha majani mawili ya juu, unakichomeka nusu yake ndani ya mchanga uliochanganywa na udongo, unakifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, unakiweka kivulini na usikiguse. Kati ya wiki ya nne na ya nane, ukikivuta polepole kikakataa, kimeshika. Vingine vitakufa. Chomeka vingi.

Sasa ni deyr, hewa ina unyevu, na hakuna wakati mzuri zaidi kabla ya Aprili. Jumapili baada ya ibada iko ndoo yenye vitawi nje ya ofisi ya parokia, vimefungwa kwa gazeti lililoloweshwa. Kila nyumba ichukue viwili: kimoja cha kupanda kwako, kingine cha jirani wa ploti yako, na umwombe ruhusa mwenye ploti kabla ya kuchimba. Walio na barua za uhamisho wa Januari nao wachukue. Chupa za kufunikia njooni nazo, tafadhali, maana mwaka jana zilipungua.